Msiniombe Januari, niombeni Julai

Mbukwenyi, ndugu zangu wote. Baba mdogo, shikamoo.

Ule ujumbe wa sauti ulionitumia Jumamosi niliusikiliza ndani ya basi, saa kumi na moja alfajiri, nikienda kazini. Niliurudia mara tatu. Ulisema kwa upole wako ule unaochoma kuliko matusi: "Mwanangu, mwaka huu ukoo una watoto watano waliofaulu kwenda kidato cha kwanza. Wawili wameripoti. Watatu wapo tu nyumbani, hawana sare, hawana viatu, na shule inataka mahindi na hela ya mpishi. Wewe uko kwa Malkia. Hawa watatu tu wanakushinda?" Na kwa mbali nikamsikia shangazi akidakia, "Mwulize kama alishatusahau."

Sijawasahau. Na Malkia alifariki 2022, siku hizi anatawala mwanawe, lakini hilo tuliache. Wiki nzima nimekuwa nikitunga jibu la heshima, na kila nikilisoma naliona ni uongo uliovishwa kanzu. Basi leo naeleza yote. Naomba lisomwe mbele ya wote, mama akiwemo, maana kuna mambo humu hata yeye sijawahi kumwambia.

Mnajua nipo "sekta ya afya". Maneno hayo niliyachagua mwenyewe Oktoba 2023, siku mjomba aliponiuliza nimepata kazi gani. Kazi yenyewe ni kutunza wazee majumbani. Hapa Glasgow wazee wengi wanaishi peke yao kwenye maghorofa ya mawe yasiyo na lifti. Napanda ngazi, natoa ufunguo kwenye kisanduku cha namba kilichopigiliwa ukutani, namwamsha babu wa watu, namwogesha, nambadilisha nepi, nampa dawa na chai, naandika kwenye simu nimeingia saa ngapi na nimetoka saa ngapi, kisha nakimbilia basi kwenda kwa bibi mwingine. Kuna siku wanafika tisa. Ndiyo, mimi huyuhuyu mwenye shahada ya ualimu ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kazi yenyewe sasa naipenda. Yupo babu mmoja, fundi wa meli wa zamani, ambaye kila asubuhi ananiuliza kama Dodoma kuna bahari, na kila asubuhi namjibu hakuna, kuna zabibu. Lakini mwanzoni niliona aibu, na hiyo aibu ndiyo iliyonifanya niwaache mdhani ninayo ofisi.

Sasa hela. Ninalipwa pauni 12.60 kwa saa. Najua tayari kuna mtu ametoa kikokotoo: mara 3,300, ni elfu 41 na ushee kwa saa moja tu. Tulieni kwanza. Dakika zinazolipwa ni zile ninazokuwa ndani ya nyumba ya mtu. Dakika za kusubiri basi kwenye mvua ni zangu na Mungu wangu. Natoka alfajiri, narudi saa mbili usiku, nikihesabu saa zilizolipwa nakuta ni nane. Mwezi ukiwa mzuri, kodi ya serikali na bima ya taifa vikishakatwa, naingiziwa kama pauni 1,750. Kwetu hiyo ni milioni tano na laki saba, na mwenye milioni tano kila mwezi halafu ananyima mtoto daftari ni mchawi. Mko sahihi kabisa kunifikiria hivyo.

Ila siishi kwetu. Chumba changu, chenye kitanda na dirisha linaloangalia ukuta, na jiko ninaloshirikiana na Wanigeria wawili na Mmalawi mmoja, ni pauni 580. Chakula 220, na hapo sijala nyama kila siku. Nauli 75. Simu na kuchangia umeme 60. Desemba hapa jua linazama kabla ya saa kumi jioni na usipowasha joto unaamka na kikohozi. Kisha pauni 300 za deni, ambalo nitalieleza. Kisha 330 za mke wangu, binti yetu, na dawa za presha za mama. Mia moja naweka pembeni kwa ajili ya viza, kwa sababu siku yake ikifika haiulizi kama una hela. Jumlisheni wenyewe. Zinabaki pauni 85. Ni laki mbili na themanini. Hiyo ndiyo "Ulaya" yangu kwa mwezi, na humo ndimo mnamochangiwa harusi, misiba, na bati la kanisa.

Deni. Wakala aliyenitafutia kazi alitaka milioni 18 kwa karatasi ambazo bei yake halali haifikii hata robo ya hiyo. Niliuza kile kiwanja cha Mkonze ambacho mama anadhani bado kipo. Kilichopungua nikakopa kwa watu watatu, mmoja wao anasoma haya. Mama, nisamehe. Kila ulipokuwa unanisisitiza niweke msingi wa nyumba, nilikuwa nakata simu nikisingizia mtandao.

Na kwa vijana watano walioniandikia faragha niwafanyie mpango waje: milango imefungwa. Machi 11, 2024 waliweka sheria kwamba anayekuja kwa kazi hii haleti mke wala mtoto. Julai 22, 2025 wakafunga kabisa kuajiri watu wa kazi hii kutoka nje. Atakayewaambia leo kwamba anayo nafasi ya kutunza wazee Uingereza, milioni kadhaa tu, mkimbieni.

Naja kwenye watoto.

Mnakumbuka nilivyomchukua mtoto wa dada nikampeleka ile shule ya kulipia mjini, ya bweni, inayofundisha kwa Kiingereza kuanzia asubuhi hadi sala ya usiku. Ada milioni moja na laki nane kwa mwaka, kwa awamu. Nilikuwa na miezi mitano tu hapa, nikaona nimefika. Picha yake na tai mlisambaziana ninyi wenyewe. Mwaka wa kwanza nililipa zote. Mwaka wa pili, mzee niliyekuwa namhudumia saa nyingi zaidi alifariki, kampuni ikanipunguzia saa, na miezi miwili mfululizo nilipata nusu ya mshahara. Awamu ya tatu sikuilipa. Nilimpigia mhasibu, nikaomba mwezi mmoja, akaniambia atalifikisha. Alhamisi iliyofuata mtoto akatolewa darasani na wenzake kumi na mmoja.

Dada hakuwahi kuwaeleza alivyorudi. Alifika stendi ya Nanenane na tranka lake saa nane mchana, hana nauli ya kufika kijijini, akaazima simu ya kondakta ampigie mama yake. Dada akamwambia asubiri palepale. Alisubiri hadi saa moja usiku, amelikalia tranka, amevaa sweta ya shule kwenye jua lile, kwa sababu aliogopa akiivua itaibiwa. Ana miaka kumi. Hadi leo shule haijatoa ripoti yake, na kijijini amerudia darasa. Juzi nilizungumza naye nikamwuliza anataka nimtumie nini. Akasema hataki kitu. Aliniambia kwa adabu, "Asante mjomba, nipo sawa." Sijawahi kusikia sentensi nzito kama hiyo kutoka kwa mtoto.

Kosa hilo ni langu, dada asilaumiwe. Sikumsaidia yule mtoto, nilijinunulia sifa kwa jina lake, na bei ikanishinda. Kwa hela ya mwaka ule mmoja ningewavalisha na kuwanunulia madaftari watoto wote wa kidato cha kwanza wa ukoo kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo, tusemezane kuhusu gharama zenyewe. Tumezoea kusema "elimu bure", halafu mzazi akiambiwa mchango anashangaa kana kwamba ameibiwa. Serikali yenyewe inasema "bila ada", na tofauti ipo. Ule waraka namba 5 wa 2015, ulioanza kazi Januari 2016, uliondoa ada hadi kidato cha nne: ile elfu 20 ya sekondari ya kutwa inalipwa na serikali. Kidato cha tano na sita wakaingizwa mwaka wa fedha 2022/2023. Zaidi ya hapo shule inapata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu ya hizo ni za vitabu. Gawanyeni elfu kumi kwa siku za masomo: ni kama shilingi hamsini kwa siku. Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, vyote humo. Sare, madaftari, viatu, na chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi, na imeandikwa hivyo. Nisingependa mkuu wa shule atukanwe kwa jambo ambalo hakulitunga yeye. Nimefundisha, najua ukiwa na watoto mia nne wasiokula mchana unafundisha ukuta.

Dada alinitumia picha ya karatasi ya kujiunga. Mashati mawili, suruali mbili, sweta, viatu vyeusi vya kamba, soksi, kaunta buku nane, mkebe, rimu ya karatasi, jembe, fagio la chelewa, ndoo. Halafu mahindi debe mbili kwa muhula, maharage, na elfu kumi ya mpishi. Kwa bei zenu za sasa, bila mahindi, ni kama laki na elfu kumi kwa mtoto. Mzazi mwenye ekari mbili za mtama na mbuzi wanne, Januari, anaitoa wapi?

Hapo kwenye Januari ndipo ninapotaka mnisikilize, maana nimeliwaza kwenye mabasi miezi mingi.

Kwetu mvua ni moja. Inaanza Desemba, inakata Aprili. Tunavuna Mei, Juni, hadi Julai. Januari shule inapofunguliwa, kihenge kinaonyesha sakafu, wanaume wako shambani, na debe la mahindi limepanda. Ndiyo sababu kila Januari simu yangu inalia kama ya zimamoto. Na ndiyo sababu kila Januari msaada wangu unayeyuka. Julai iliyopita dada aliniambia debe ni elfu kumi, wachuuzi wanapita na malori kupeleka soko la nafaka la Kibaigwa, watu wanauza hadi mbegu ili walipe madeni. Mwezi huu debe lilelile ni elfu kumi na nane. Watoto watano, debe mbili kila mmoja, mihula miwili, ni debe ishirini. Nikituma Julai ni laki mbili. Zile pauni 85 zangu za mwezi mmoja zinatosha na chenji inabaki. Nikituma Januari ni laki tatu na sitini, sina. Huyuhuyu mimi, hela hiihii.

Tena wanaotuuzia Januari ni wale wale tuliowauzia Julai. Hilo nalo linanikera, ila leo si siku yake.

Hapa nako kuna kitu nimejifunza, sikukitegemea. Ninafanya kazi na mama mmoja wa Kiskoti, mzungu wa hapahapa, tunapishana zamu. Ana watoto watatu. Agosti iliyopita, maana shule huku hufunguliwa katikati ya Agosti, nilimkuta ukumbi wa kanisa jirani na kwangu akichagua sweta za shule kwenye bomba la kutundikia nguo. Zote zimetumika, zimefuliwa, zimepangwa kwa saizi, na kikaratasi: chukua unachohitaji. Alishtuka kuniona kama mimi ningeshtuka kuonwa na ninyi. Kisha akacheka, akasema mkubwa wake amerefuka sentimita kumi kiangazi kimoja, hana ubavu wa kumnunulia jipya kila mara.

Nilikuwa nadhani mzungu hapungukiwi. Anapungukiwa. Lakini angalieni alivyo. Anao ujira kama wangu, ila halmashauri humpa ruzuku ya nguo za shule, angalau pauni 120 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 150 kwa wa sekondari; sheria ya Scotland inazitaka halmashauri zote zisishuke hapo kwa mzazi mwenye kipato kidogo. Anajaza fomu, inaingia benki. Wa kuanzia darasa la kwanza hadi la tano wanakula mchana shuleni bila kulipa, wawe wa tajiri au wa maskini. Na tangu Januari 2022 mtoto chini ya miaka 22 anapanda basi bure. Huyu mama hana mjomba wa Ulaya wa kumpigia. Mjomba wake ni halmashauri. (Mimi ninayekatwa kodi hiyohiyo, viza yangu inanikataza kupokea misaada mingi ya serikali. Sinung'uniki, nawaeleza tu.)

Kilichonigusa zaidi si kiasi cha hela. Ni kwamba hakuna anayesimamishwa. Kwenye shule nyingi za sekondari hapa mtoto analipia chakula kwa kadi, na kadi ya anayelipiwa na halmashauri ni sawa na ya anayelipa mwenyewe. Mwenzake kwenye foleni hajui. Nilipokuwa darasa la pili mwaka 1998, kabla ada ya msingi haijafutwa, ilikuwa shilingi elfu mbili, tukiita ya UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Mwalimu alisoma majina mstarini, tukatoka mbele, tukarudishwa nyumbani. Tulikuwa wengi, lakini kila mmoja alijiona yuko peke yake. Mama alikaa siku tatu akikaanga karanga na kuziuza, ndipo nikarudi. Sasa dada ananiambia watoto ambao hawajaleta mahindi wanasomwa mstarini na saa ya kula wanakaa chini ya mkuyu, wenzao wakila. Ule mkuyu naufahamu. Nimekaa chini yake.

Na sisi wenyewe, tusijisafishe. Shangazi alipoingizwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, nani alimwita "mama TASAF" kwenye harusi? Mimi nilicheka. Wakati Chamwino hapo jirani, pamoja na Bagamoyo na Kibaha, ndiko TASAF walikoanza kujaribu kuzipa fedha kaya maskini kwa masharti ya mtoto kuhudhuria shule na kliniki, miaka kadhaa kabla mpango haujasambaa nchi nzima. Ile hela anayopokea shangazi, kwa sharti mjukuu asikose shule, ndiyo imemfikisha yule binti kidato cha pili. Hela yangu mimi wa Ulaya haimo hata kidogo. Shangazi, nakuomba radhi.

Jambo jingine gumu, nalo niliseme. Januari 2025 nilituma laki nne, nikaandika kabisa: za sare. Zikaenda kwenye msiba wa bibi mdogo. Sikuuliza, nanyi hamkusema, ila picha za sufuria niliziona. Sina hasira. Maiti haisubiri, mtoto anasubiri, na anayesubiri ndiye siku zote anayekatwa. Ningekuwa hapo ningefanya vilevile. Lakini ndiyo sababu sitaki tena kutuma hela kwa mtu mmoja, hata kama ni mtu mwema.

Basi ninachoweza ni hiki. Leo nimetuma laki mbili na themanini, na ya kutolea, kwa dada. Ni zote. Haziwatoshi watatu kwa karatasi nzima; zitoshe mashati, madaftari na viatu vya wawili ambao miguu yao imeshapita vya kaka zao. Jembe na fagio mnavyo nyumbani, msininunulishe fagio la chelewa kutoka Glasgow. Na Jumatatu wapelekeni wote watatu hata kama fundi hajamaliza, wavae zile za bluu na nyeupe za shule ya msingi. Mara kadhaa viongozi wametangaza kwamba mtoto apokelewe hata kama hana sare mpya. Baba mdogo, nenda nao wewe mwenyewe, na kofia yako. Mwalimu hatamrudisha mtoto aliyekuja na mzee.

Julai nitatuma tena, kiasi hichohicho, kwa ajili ya mahindi. Nunueni gunia nne, debe ishirini na nne, wakati wachuuzi bado wanaringa. Msiyaweke kwenye viroba vya kawaida, dumuzi atakula kabla ya watoto. Ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye plastiki mbili ndani, ukiifunga vizuri mdudu aliyemo anakosa pumzi anakufa, wala hakuna haja ya dawa. Gunia tatu na nusu ziende stoo ya shule, mkuu wa shule aandike stakabadhi kwa majina ya watoto watano. Dada na mwakilishi mmoja wa bodi ya shule washuhudie. Nimeshazungumza na mkuu, amekubali, na ameniahidi pia kwamba atalizungumza suala la mkuyu na walimu wake. Nitamkumbusha.

Namsikia shangazi: "Yaani mahindi yakae shuleni Februari, na wadogo nyumbani walale na mlenda mtupu?" Shangazi, hilo nimeliwaza hadi nikakosa usingizi na sijapata jibu lenye kuridhisha. Ndiyo maana nimesema gunia tatu na nusu. Ile nusu iliyobaki ikae kwako, chini ya kitanda chako, na ufunguo wewe. Ikiisha imeisha. Nisingeweza kumwambia mtu mwenye njaa kwamba mahindi yaliyo chumbani ni ya shule.

Kuanzia Agosti hadi Novemba nitaweka akiba kidogokidogo ya sare. Matokeo ya darasa la saba hutoka kabla mwaka haujaisha, tutajua ni wangapi. Novemba fundi pale sokoni hana kazi, anashona kwa bei ya kusalimiana. Januari anashona kwa bei ya kukomoa. Ikitokea saa zangu zikapunguzwa tena nitawaambia mwezi huohuo, sitakata simu. Na mtoto wa dada, yule wa tranka, simrudishi mjini. Nimeongea na mwalimu wake wa kijijini, anasema hesabu anaziweza kuliko darasa zima. Nitamnunulia vitabu viwili vitatu, awe na wenzake.

Jambo la mwisho, dogo. Mwaka juzi mlipima miguu Agosti, nikanunua viatu hapa kwenye punguzo, vikafika na yule ndugu wa Kondoa mwezi Januari, vyote vikabana. Safari hii nunueni mnadani Msalato, lakini pimeni siku ya kwenda kununua, kwa bua la mtama kama alivyokuwa akitupima mama: kisigino hadi kidole kikubwa, halafu ongeza upana wa vidole viwili. Mkubwa wao, yule mwenye miguu ya babu, mwongezeeni vitatu.